Simu za mtumba Lupaso: Fedha ionekane kwanza, ndipo simu itoke

WAKAZI wa Lupaso na vijiji vingine vya wilaya ya Masasi wanaouza simu za mtumba kwa njia ya intaneti wanakabiliwa na tatizo ambalo wakulima wa korosho wa eneo hilo wanalifahamu vizuri: mzigo kuondoka mikononi mwa mwenye mali kabla fedha haijaonekana.

Biashara yenyewe ni rahisi kuianza. Mwenye simu huipiga picha, hutaja aina yake, ukubwa wa kumbukumbu na bei, kisha huitangaza katika makundi ya WhatsApp, kurasa za Facebook au Instagram, au katika masoko ya matangazo kama Jiji. Siku hiyo hiyo anaweza kupigiwa simu na wateja kutoka Masasi mjini, Newala, Mtwara au Dar es Salaam. Kazi huanza pale mteja anapokubali bei. Nani atangulie? Mnunuzi atume fedha kwanza, au muuzaji apeleke simu kwanza?

Kila mmoja ana sababu ya kuogopa. Muuzaji aliyeko Lupaso, kijiji cha nyumbani kwa hayati Rais Benjamin Mkapa alikozikwa Julai 29, 2020, akipeleka simu kwa basi kwa mteja wa Dar es Salaam, kifurushi chake kitapita Ndanda, Mingoyo, Nangurukuru na Daraja la Mkapa kabla ya kufika. Mteja akishakichukua stendi na kuzima namba yake, nauli ya kumfuata pekee inaweza kula sehemu kubwa ya thamani ya simu. Mnunuzi naye akitanguliza fedha, anaweza kupokea boksi lenye kipande cha sabuni, au asipokee kitu kabisa.

Ujumbe wa bandia

Mgogoro wa kwanza unatokana na ujumbe wa malipo wa kughushi. Mnunuzi husema ametuma fedha, na kweli ujumbe huingia katika simu ya muuzaji ukiwa na kiasi, tarehe, saa na namba ya muamala. Lakini ujumbe huo umeandikwa na mtu kwa mkono wake na kutumwa kutoka namba ya kawaida. Muuzaji mwenye haraka, hasa akiwa amesimama stendi na basi linakaribia kuondoka, husoma kiasi tu na kukabidhi mzigo.

Dawa yake haina gharama. Ujumbe si fedha. Fedha ni salio. Kabla ya kukabidhi simu, muuzaji anatakiwa kuingia katika akaunti yake mwenyewe, kwa mfano *150*00# kwa M-Pesa au *150*60# kwa Airtel Money, na kulinganisha salio lake la sasa na lile alilokuwa nalo kabla. Kama salio halijaongezeka, hakuna malipo, hata mteja akionyesha picha ya muamala katika simu yake. Picha huweza kutengenezwa kama ujumbe unavyotengenezwa.

Fedha iliyoingia na kutoka

Mgogoro wa pili ni mgumu zaidi kwa sababu fedha huwa imeingia kweli. Mteja hutuma malipo, muuzaji huthibitisha salio na kutoa simu. Baadaye mteja huwasiliana na kampuni ya simu na kudai kwamba alikosea namba, anaomba muamala urudishwe.

Utaratibu wa kurudisha fedha uliwekwa kwa nia njema. Watu hukosea tarakimu moja na kumtumia fedha mtu wasiyemjua. Kampuni ikipokea ombi huangalia kama fedha bado ipo katika akaunti ya aliyepokea, na inaweza kuizuia wakati suala likichunguzwa. Kenya nako, ambako M-Pesa ilianzishwa Machi 2007, mteja wa Safaricom aliyekosea hupeleka ujumbe wa muamala kwenda namba 456 ili kuanzisha ombi kama hilo. Tapeli huutumia mlango huo huo wa mtu mwaminifu.

Suala huwa refu zaidi pale muuzaji na mnunuzi wanapotumia mitandao tofauti. Kwa Tanzania, kutumiana fedha moja kwa moja kati ya kampuni mbalimbali kulianza mwaka 2014 kwa makubaliano ya Tigo, Airtel na Zantel, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Hatua hiyo imerahisisha biashara, lakini mgogoro unapozuka malalamiko hupita katika ofisi mbili badala ya moja.

Silaha ya muuzaji hapa ni maandishi. Kabla ya malipo, mnunuzi atakiwe kuandika ujumbe mfupi kutoka namba ile ile atakayolipia, akisema analipa kiasi gani, kwa simu ya aina gani, na kwa nani. Mtu aliyeandika hivyo, na ambaye jina la mpokeaji lilitokea mbele yake kabla ya kuweka namba ya siri, atapata shida kudai kwamba alikosea. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi, kwa hiyo mazungumzo ya WhatsApp na ujumbe wa simu visifutwe hadi biashara itakapokwisha kabisa.

Malipo ya msimu

Mgogoro wa tatu hauhusiani na matapeli. Ni wa watu wanaofahamiana. Mnunuzi hutoa nusu ya bei na kuahidi kumalizia korosho zikiuzwa. Katika wilaya za Masasi, Newala na Tandahimba mzunguko wa fedha hufuata zao hilo: uvunaji hupamba moto kuanzia Septemba, na minada hufuata kuanzia Oktoba. Anayehitaji kuuza simu mwezi Machi ili apate fedha ya chakula au ya shule mara nyingi humkuta mnunuzi naye hana kitu isipokuwa ahadi.

Ahadi hiyo hutegemea mambo ambayo mnunuzi hana uwezo nayo: mvua, ugonjwa wa mikorosho, bei ya mnada na siku ya fedha kuingia benki. Mfano wa msimu wa 2018 haujasahaulika. Wanunuzi walipotoa bei ambazo wakulima walizikataa, Rais John Magufuli alitangaza Novemba mwaka huo kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa Sh. 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuzisomba. Korosho ziliondoka kwa wakulima, lakini malipo yalitanguliwa na uhakiki uliolenga kuwabaini walanguzi wa kangomba, na wapo wakulima waliosubiri fedha zao hadi ndani ya mwaka 2019. Mkataba wa kuiuzia kampuni ya Indo Power Solutions ya Kenya tani 100,000, uliotiwa saini Januari 2019, ulivunjika miezi michache baadaye.

Mtu aliyeuza simu mwaka huo kwa ahadi ya fedha ya korosho alijikuta akidai mdaiwa ambaye naye anadai. Hapo hakuna mwizi wa kumpeleka polisi. Kuna deni tu, na njia yake ni kwa mtendaji wa kijiji kwa usuluhishi au Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza madai ya madeni yatokanayo na mkataba. Huko nako kitu cha kwanza kuulizwa ni kama kuna karatasi.

Simu yenye mwenyewe

Si kila mgogoro wa malipo huanzishwa na mnunuzi. Wapo wauzaji wanaopokea fedha kwa simu ambayo si yao kuiuza, au ambayo haitatumika.

Kundi la kwanza ni simu za wizi. Kanuni ya sheria ya mauzo ya bidhaa ni kwamba mtu hawezi kumpa mwingine miliki ambayo yeye mwenyewe hana. Mnunuzi akibainika kuwa na simu ya wizi, mwenye mali anaweza kuichukua, na mnunuzi akabaki kumtafuta aliyemuuzia. Vibaya zaidi, anaweza kutakiwa kueleza polisi aliipataje.

Kundi la pili ni simu za mkopo. Simu hizi hutolewa kwa malipo kidogo kidogo na huwa na programu inayozifunga mkopaji akikosa kulipa. Asiyemaliza deni akiiuza, simu hufanya kazi siku chache kisha hujifunga mikononi mwa mnunuzi. Mnunuzi hudai fedha yake, muuzaji hudai simu aliitoa ikiwa nzima, na wote wawili husema kweli nusu.

Kundi la tatu ni simu ambazo akaunti ya mwenyewe wa zamani haijaondolewa. Apple iliweka kufuli hiyo katika iPhone mwaka 2013, na simu za Android zikafuata mwaka 2015. Simu ikifutwa kila kitu bila akaunti kuondolewa kwanza, itadai neno la siri la mwenyewe wa awali. Hapa muuzaji mwaminifu anaweza kuitwa tapeli kwa sababu tu hakujua hatua moja. Akaunti iondolewe mbele ya mnunuzi, simu ifutwe, iwashwe upya, ndipo fedha itolewe.

Kuna pia simu za bandia. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizifungia simu zenye namba tambulishi bandia usiku wa Juni 16, 2016. Namba hiyo yenye tarakimu 15, maarufu kama IMEI, hupatikana kwa kubonyeza *#06#. Mnunuzi ailinganishe na ile iliyoandikwa kwenye boksi au risiti. Kama hazifanani, bora biashara isimame hapo.

Hesabu ya hatari

Pamoja na matatizo yote hayo, wauzaji wanaendelea kutafuta wateja wa mbali kwa sababu bei ya mbali ni nzuri kuliko ya jirani. Hesabu yake inafaa kufanywa kwa utulivu.

Tuseme mwenye duka la simu Masasi mjini anatoa Sh. 180,000 taslimu kwa simu ambayo mteja wa intaneti anaahidi Sh. 250,000. Tofauti ni Sh. 70,000, na kwa haraka inaonekana mwenye duka ni mnyonyaji. Lakini mchuuzi anayeuza simu nne za aina hiyo kwa wateja wa mbali, akadhulumiwa moja tu, atakuwa amepata Sh. 750,000 badala ya milioni moja. Wastani wake kwa kila simu ni Sh. 187,500. Akiondoa gharama ya kutuma vifurushi na makato ya kutoa fedha, faida yake juu ya bei ya mwenye duka inaweza kuwa imekwisha.

Hali ni mbaya zaidi kwa mkulima mwenye simu moja. Huyo hana wastani. Ama anapata Sh. 250,000, ama anakosa vyote, simu na fedha. Hivyo ile Sh. 70,000 si zawadi ya bure inayomsubiri kwenye intaneti. Ni malipo ya kubeba hatari ambayo mwenye duka anamwondolea. Anayetaka kuipata tofauti hiyo sharti kwanza aipunguze hatari yenyewe.

Somo la ghala

Njia ya kuipunguza ipo, na wakulima wa Masasi wameizoea kwa miaka mingi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotokana na sheria ya mwaka 2005, ulianza kutumika katika korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/08. Mkulima hupeleka korosho zake katika chama cha msingi, hupimiwa na kupewa stakabadhi. Mzigo huhifadhiwa katika ghala kuu chini ya mtunza ghala ambaye si mnunuzi wala muuzaji. Mnada hufanywa chini ya vyama vikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba. Aliyeshinda hulipa kwanza benki, na ndipo hupewa kibali cha kutoa mzigo ghalani.

Mfumo huo umelalamikiwa mara nyingi kwa makato na ucheleweshaji. Aprili 2013 wilayani Liwale, mkoa jirani wa Lindi, zilizuka ghasia na nyumba zikachomwa baada ya wakulima kupewa malipo ya pili pungufu ya matarajio yao. Hata hivyo, msingi wake haujapingwa: mtu wa tatu ashike mzigo, na mzigo usitoke kabla ya fedha.

Katika nchi za Ulaya na Marekani kazi hiyo hufanywa na kampuni za malipo. Mnunuzi katika soko la eBay hulipa kupitia mfumo unaoweza kumrejeshea fedha mzigo usipofika. Huko lawama hugeuka, kwani muuzaji ndiye hulalamika kwamba mnunuzi alipokea simu kisha akadai hakuipata. PayPal, kwa mfano, humruhusu mnunuzi kufungua shauri ndani ya siku 180 tangu alipe. Muuzaji asiye na risiti ya kufikisha mzigo huwa na nafasi ndogo ya kushinda.

Muuzaji wa Lupaso hahitaji kungoja kampuni ya namna hiyo. Ghala lake linaweza kuwa duka la simu linalofahamika Masasi mjini. Simu huachwa hapo kwa maandishi, mnunuzi au ndugu yake hufika kuikagua, hulipa, mwenye duka huthibitisha, ndipo simu hutoka. Mwenye duka akichukua hata Sh. 10,000 kwa kazi hiyo, katika mfano wetu muuzaji bado hubaki na Sh. 240,000, kiasi ambacho ni kikubwa kuliko kile cha kuuza kwa haraka.

Njia nyingine ni kukutana kwa wakala wa fedha mchana. Mnunuzi hutoa taslimu, muuzaji huziweka mwenyewe katika akaunti yake kwa wakala huyo huyo, na wakala hukagua noti kama kawaida ya kazi yake. Muamala wa namna hiyo si wa mnunuzi, hivyo hana cha kuomba kirudishwe. Kwa mteja wa Dar es Salaam asiyeweza kusafiri, ndugu au rafiki wa muuzaji aliyeko huko aupokee mzigo stendi na kuukabidhi kwa mkono baada ya fedha kuonekana.

Njia ya nusu kabla na nusu baada, inayopendwa na wengi, haiondoi hatari bali huigawa. Inafaa tu kwa watu wanaofahamiana au waliokwishafanya biashara hapo awali.

Karatasi moja

Kwa kila njia, hati fupi ya mauzo inahitajika. Iandikwe majina ya pande mbili kama yalivyo kwenye vitambulisho, namba za simu, aina ya simu na IMEI yake, bei, kiasi kilicholipwa na kilichobaki pamoja na tarehe ya kukimaliza. Ielezwe pia hali ya simu: kioo, betri, chaja, na kama imewahi kufunguliwa na fundi. Ikiwa kuna siku za majaribio zitajwe, na kama hazipo iandikwe kwamba hazipo. Shahidi mmoja wa kila upande atie saini. Pale ambapo kiasi ni kikubwa, ofisi ya mtendaji wa kijiji ni mahali pazuri pa kuisaini.

Majina yana uzito kuliko ilivyokuwa zamani. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungiwa baada ya Januari 20, 2020. Lakini matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine. Kila mtu anaweza kubonyeza *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na ujumbe wa kitapeli pamoja na namba iliyoutuma hupelekwa TCRA kwa namba 15040 bila malipo.

Aliyekwishadhulumiwa asipoteze saa. Kwanza aitaarifu kampuni ya simu, kwani fedha ambayo bado haijatolewa inaweza kuzuiwa, lakini iliyotolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Pili aripoti polisi na kupata namba ya taarifa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu udanganyifu na kughushi kwa njia ya kielektroniki. Tatu, kama kampuni haikulishughulikia lalamiko lake, Benki Kuu ya Tanzania ina kanuni za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, nazo zinamtaka mtoa huduma kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko.

Kwa sasa bei ya simu za mtumba vijijini itaendelea kuwa chini ya ile ya mijini, na sehemu ya tofauti hiyo ni woga tu. Wenye maduka ya Masasi wanaokubali kushika mzigo kwa ada ndogo, kwa maandishi, wanaweza kuigeuza sehemu hiyo kuwa kipato chao halali, huku muuzaji wa Lupaso naye akiongeza chake. Hadi hapo, asiye na wa kumshikia mzigo ni afadhali achukue Sh. 180,000 za taslimu kuliko Sh. 250,000 za kwenye ujumbe.